Kazi ya Kichochoro na Kazi ya Jiji

Ninyi mnaosikiliza katika vikundi, ketini vizuri, na yule aliyechaguliwa kuwa mwandishi na ashike kalamu yake, maana mwisho wa somo kutakuwa na maswali matatu ya kuzungumza.

Mara nyingi tukitaja historia, watu hufikiri habari za wafalme, vita na mikataba. Leo tutasoma historia ya mfereji wa maji machafu. Msicheke. Mfereji huo ulichimbwa na watu maskini, kwa fedha zao wenyewe, mbele ya milango yao wenyewe, na mpaka leo watu wa nchi nyingi huutaja wanapozungumza juu ya kutengeneza mitaa duni ya miji. Na swali litakalotuongoza ni hili: mtaa ukiwa umeharibika, ni kazi gani wenyeji wanaweza kuifanya wenyewe, na ni kazi gani ambayo si yao?

Mji wenyewe ni Karachi, bandari kubwa ya Pakistan, ng'ambo ya Bahari ya Hindi hii hii yetu. Mwezi Agosti 1947, India iliyotawaliwa na Waingereza iligawanywa, zikawa nchi mbili, India na Pakistan. Mamilioni ya watu walihama makwao. Waislamu wengi wa India walikimbilia Pakistan, na wengi katika hao walifikia Karachi, mji uliokuwa makao makuu ya serikali mpya. Hesabu ya watu ya mwaka 1941 ilionyesha kwamba Karachi ilikuwa na watu 435,000 hivi. Hesabu ya mwaka 1951 ilipita milioni moja. Basi fikirini mji unaoongezeka zaidi ya mara mbili katika miaka kumi: watu hao watalala wapi?

Serikali ilijenga nyumba, lakini hazikutosha hata kidogo. Hapo ndipo alipotokea mtu ambaye sisi sote twamjua, naye ni dalali. Watu wa Karachi humwita dalali, nasi humwita dalali; neno ni moja, limetoka katika Kiarabu likafika pande zote mbili za bahari. Dalali wa Karachi alitafuta ardhi ya serikali iliyo wazi pembeni ya mji, akaipima vipande vipande, akaacha njia katikati, kisha akawauzia maskini kwa bei wanayoiweza. Sehemu ya fedha iliwaendea watumishi fulani wa serikali ili wafumbe macho. Mwenye kiwanja alikwenda kwa mfyatua matofali wa mtaani, akakopeshwa matofali na mara nyingine mabati, akajenga chumba kimoja, akaongeza cha pili alipopata kitu. Mitaa ya namna hii huitwa kwa Kiurdu katchi abadi, maana yake makao mabichi, makao ambayo hayajaiva.

Mkubwa kupita yote ulikuwa mtaa wa Orangi, upande wa kaskazini-magharibi wa mji. Mwaka 1965 wakubwa wa mji walipima sehemu yake ndogo, na sehemu kubwa iliyobaki ikagawanywa na madalali. Baada ya vita vya mwaka 1971, Pakistan ya Mashariki ilipojitenga ikawa Bangladesh, wakimbizi wengine wengi waliletwa na shida wakakaa Orangi. Wakawa majirani watu wa asili mbalimbali: waliotoka India, waliotoka Bangladesh, Wapathan, Wapunjabi, Wabaluchi na Wasindhi. Walikuwa watu laki kadhaa, na hatimaye wakakaribia milioni moja.

Angalieni basi jambo hili. Watu hawa walikwisha jijengea nyumba bila msaada wa mtu. Hawakuwa wavivu, wala hawakuwa wajinga. Lakini kulikuwa na jambo moja lililowashinda, nalo ni maji machafu. Wengine walitumia vyoo vya ndoo, wengine walichimba mashimo ambayo baada ya miaka michache yalijaa. Maji ya kuogea, ya kufulia na ya chooni yalimwagika katika vichochoro. Watoto walicheza humo humo. Kuta za nyumba zilipata unyevu zikaanza kumomonyoka. Kila familia ilikuwa na nyumba yake, lakini kichochoro hakikuwa na mwenyewe.

Mwaka 1980 alifika Orangi mzee mmoja aliyepita umri wa miaka sitini, jina lake Dakta Akhtar Hameed Khan. Yafaa tumjue kidogo. Alizaliwa Agra mwaka 1914. Katika ujana wake alikuwa mtumishi wa serikali ya Waingereza huko Bengal, cheo ambacho vijana wengi wa India walikitamani. Mwaka 1943 ilikuja njaa kubwa ya Bengal, watu wakafa kwa mamilioni. Baada ya kuiona njaa ile, Khan aliacha kazi yake yenye mshahara mnono, akaenda kuishi kama kibarua na fundi wa makufuli. Baadaye akawa mwalimu, na tangu mwaka 1959 aliongoza chuo cha maendeleo ya vijiji huko Comilla, katika nchi ambayo sasa ni Bangladesh, akasifiwa sana kwa kazi yake pamoja na wakulima.

Aliyemwita Orangi alikuwa Agha Hasan Abedi, mwanzilishi wa benki moja kubwa ya siku zile, ambaye alitaka fedha za sadaka za benki zisaidie mtaa huo. Khan alikubali, lakini hakutaka kugawa blanketi wala unga. Alitaka nafasi ya kuchunguza. Basi kazi ikaitwa Mradi wa Majaribio wa Orangi, na kwa miezi mingi kazi ya mzee huyo ilikuwa kutembea vichochoroni, kukaa na watu, na kuwauliza: shida yenu kubwa ni ipi, na kwa nini hamjaiondoa?

Shida walimtajia: maji machafu. Lakini juu ya swali la pili, kwa nini hamjaiondoa, Khan aligundua vizuizi vinne. Mwandishi wa kikundi na aviandike, maana ndivyo kiini cha somo letu.

Kizuizi cha kwanza kilikuwa moyoni. Watu waliamini kwamba mfereji ni kazi ya serikali, na kwamba siku moja serikali itakuja kuujenga bure. Walikuwa wakingoja. Cha pili kilikuwa fedha. Kwa bei za kontrakta wa mji, mfereji ulikuwa ghali mno kwa mtu wa kipato cha chini. Cha tatu kilikuwa ufundi. Mtu anaweza kujua kujenga chumba, lakini kulaza bomba kwa mteremko ulio sawa kutoka nyumba ya kwanza mpaka ya thelathini ni kazi nyingine. Na kizuizi cha nne kilikuwa umoja. Nyumba mtu hujenga peke yake, lakini mfereji hauwezi kuishia mlangoni pa jirani. Lazima wote wakubaliane.

Hebu tuone jinsi vizuizi hivi vilivyoondolewa kimoja kimoja.

Tuanze na umoja. Wataalamu wengi wangesema, tuunde kamati ya mtaa mzima. Khan na wenzake hawakufanya hivyo. Katika mtaa wenye laki za watu, kamati kubwa ingeshikwa na wakubwa wa vyama na madalali. Wao walichukua kichochoro kimoja, chenye nyumba ishirini mpaka arobaini, kuwa ndicho chombo cha kazi. Watu wa kichochoro kimoja wanajuana. Wanajua nani mkweli na nani hulipa deni lake. Mradi ulisema hivi: kichochoro kikitaka msaada, nyumba zote zikubaliane, zichague mkuu wa kichochoro, naye alete maombi. Wakishindwa kukubaliana, mradi haukuingia katika ugomvi wao. Ulingoja mpaka wapatane wenyewe.

Sasa fedha. Wataalamu wa mradi, pamoja na Arif Hasan, mjenzi wa majumba wa Karachi aliyekuwa mshauri wao, waliuliza: bei ya kontrakta ina nini ndani yake? Wakaona ina faida yake, ina hongo, ina vipimo vikubwa kuliko haja. Kichochoro chembamba hakipitiwi na malori, kwa hiyo bomba halina haja ya kufukiwa chini sana. Chemba, yaani yale mashimo ya kukagulia mfereji, hazina haja ya kujengwa kwa matofali na fundi wa bei kubwa. Zinaweza kumiminwa kwa zege katika kalibu ya chuma, na kalibu moja ikazunguka kutoka kichochoro mpaka kichochoro. Nyumba ilipounganishwa na mfereji, palijengwa kwanza tangi dogo la kuzuia taka ngumu zisizibe bomba. Tangi hilo waliliita haudi, na masikio ya Mswahili yatasikia mara moja kuwa ni ndugu yake hodhi. Kwa njia hizi gharama ilishuka mpaka karibu rupia 1,000 kwa kila nyumba, pamoja na choo chenyewe. Hata kwa familia ya kibarua, hizo zilikuwa fedha za kutafutika.

Na fedha hizo alizishika nani? Sikilizeni vizuri hapa. Mradi haukuzigusa. Mkuu wa kichochoro ndiye aliyekusanya, ndiye aliyenunua mabomba na saruji, na hesabu yake aliitoa mbele ya majirani zake, watu wanaoonana naye asubuhi na jioni. Mradi ulileta vitu vitatu tu: mpimaji wa kupima mteremko na kuchora ramani, makadirio ya gharama, na vyombo vya kuazima. Kazi ya mikono waliifanya wenyeji, au walimlipa mtu wao wenyewe.

Msidhani kwamba mambo yalinyooka tangu siku ya kwanza. Mifereji ya mwanzo ilikuwa na makosa. Watu hawakuzoea kupima kokoto na saruji kwa kipimo, wala hawakujua kwamba zege changa lazima limwagiwe maji siku kadhaa ili lishike vizuri. Likiachwa juani hupasuka. Mradi haukuficha makosa hayo. Ulichunguza kila kilichoharibika, ukaitisha mikutano vichochoroni, ukaonyesha picha, ukafundisha upya. Hivyo kizuizi cha ufundi kiliondolewa kwa elimu, elimu ya watu wazima hasa, ya namna tunayoifuata katika masomo haya.

Kilibaki kizuizi cha moyo, na hicho kiliondolewa na macho. Kichochoro cha kwanza kilipokauka, watu wa kichochoro cha pili walipita wakaona. Akina mama, ambao ndio walioshinda na watoto katika uchafu ule, hawakuhitaji kuhutubiwa tena.

Walikuwako wataalamu walioona kwamba mambo haya yatashindwa. Mwaka 1982 mshauri wa shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia makazi alisema kwamba kazi haiwezi kuanza kichochoro kimoja hapa na kingine kule; lazima kwanza mtaa wote upimwe, mpango mkuu uandikwe, ndipo watu wajenge. Kwa mtu wa chuo hoja hiyo ni ya haki, maana mfereji usiofika popote una faida gani? Basi sehemu moja ya Orangi ikaendeshwa kwa njia ya shirika hilo. Miaka ilipita, na vichochoro vilivyojengwa kwa njia hiyo vilikuwa vichache. Upande wa pili, vilivyojengwa kwa njia ya Khan vilihesabiwa kwa mamia, kisha kwa maelfu. Kwa bahati njema, ardhi ya Orangi ina mteremko, na mabonde ya maji ya mvua hupita ndani yake, kwa hiyo vichochoro vilivyo karibu na mabonde vilianza, na vya mbali vikaungana navyo baadaye.

Kwa hesabu za mradi wenyewe, nyumba zaidi ya 90,000 katika vichochoro zaidi ya 6,000 vya Orangi zilipata mfereji kwa njia hii, na wenyeji walitoa mifukoni mwao rupia zaidi ya milioni 80. Mradi ulionyesha pia kwamba vifo vya watoto wachanga katika vichochoro ulivyovichunguza vilishuka kutoka 130 katika kila watoto 1,000 mwaka 1982 mpaka 37 mwaka 1991. Mfereji haukufanya hayo peke yake. Kulikuwa na chanjo na mafundisho ya afya pia. Lakini mama ambaye mtoto wake amepona hagawanyi sifa kwa mizani.

Sasa tumefika penye fundo la somo. Je, historia hii yatufundisha kwamba maskini wanaweza kufanya kila kitu wenyewe, na serikali ikae kitako? Hapana, na Khan mwenyewe hakusema hivyo. Aliigawa kazi mafungu mawili. Fungu la ndani: choo, bomba la kichochoro, na mfereji unaokusanya maji ya vichochoro kadhaa. Hilo ni la wenyeji. Fungu la nje: mifereji mikubwa ya jiji na mitambo ya kusafisha maji kabla hayajafika baharini. Hilo ni la serikali, kwa kodi ambayo maskini naye huilipa. Fungu la ndani lilitimizwa. Fungu la nje lilisuasua. Kwa miaka mingi maji ya Orangi yalitiririka katika mabonde yaliyo wazi, yakaingia mto Lyari, na kutoka huko yakamwagika baharini bila kusafishwa. Uchafu uliondoka mlangoni, lakini haukuondoka duniani.

Ili kuisukuma serikali, watu wa Orangi walitumia silaha moja tu, nayo ni ramani. Hapo tunakutana na Perween Rahman. Alizaliwa Dhaka mwaka 1957, akakimbilia Karachi na jamaa zake wakati wa vita vya 1971, akasomea ujenzi wa majumba, na mwaka 1983 akaja kufanya kazi na mzee Khan. Yeye na vijana aliowafundisha walitembea mtaa kwa mtaa wakichora kila bomba na kila bonde, si Orangi tu, bali sehemu nyingine za Karachi pia. Ramani hizo zilionyesha kwamba mifereji mingi ambayo jiji lilitaka kukopa fedha ili kuijenga ilikuwako tayari chini ya ardhi, imejengwa na wananchi. Mwaka 1999 serikali ya mkoa wa Sindh iliuacha mkopo mkubwa wa Benki ya Maendeleo ya Asia uliokusudiwa kwa maji machafu ya sehemu ya Korangi, baada ya kuonyeshwa njia iliyo rahisi zaidi. Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, Khan alifariki.

Lakini ramani ina maadui. Anayechora bomba huona pia maji yanayoibwa, na anayechora vijiji vya pembeni mwa mji huona pia ardhi inayonyang'anywa. Rahman aliandika yote mawili, na aliwasaidia wanavijiji kudai hati za ardhi yao. Tarehe 13 Machi 2013, alipokuwa akirudi nyumbani kutoka kazini, alipigwa risasi ndani ya gari lake akafa. Mwaka 2021 mahakama iliwatia watu hatiani kwa mauaji hayo. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Sindh ikaifuta hukumu ile.

Tena tusidhani kwamba mfereji ulileta amani. Mwezi Desemba 1986 watu wenye silaha walivamia sehemu za Orangi wakaua watu wengi, kwa chuki za makabila. Na baada ya mafuriko makubwa ya Agosti 2020, serikali iliamua kupanua mabonde ya maji, na maelfu ya nyumba zilizokuwa kando ya bonde la Gujjar na bonde la Orangi zikabomolewa. Wakubwa wa mji walisema nyumba zimeziba njia ya maji. Wenyeji wakauliza kwa nini fungu la nje halikutengenezwa miaka yote ile.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa Orangi waliziba ufa uliokuwa mbele ya milango yao, na hapana mtu awezaye kuwanyang'anya sifa hiyo. Lakini ukuta wa jiji hauzibwi na kichochoro kimoja. Mwananchi anayengoja serikali imchimbie kila kitu atangoja sana. Na serikali inayowaambia wananchi wafanye kila kitu kwa kujitolea inakimbia deni lake. Kazi kubwa ya kwanza ni kujua mpaka uko wapi baina ya mafungu hayo mawili, kisha kulitimiza lako kikamilifu, ili ukienda kudai la mwenzako usione haya.

Haya basi, maswali ya vikundi. La kwanza: katika mtaa wenu, ni jambo gani mnalolingoja ambalo nyumba thelathini zingeweza kulifanya? La pili: kwa nini Khan alikataa mradi wake kushika fedha za watu? Je, ninyi mngemkabidhi nani? La tatu: ni kazi gani mtaani kwenu ambayo hata mkiungana wote haitawezekana bila baraza la mji, na mna ushahidi gani, kwa maandishi au kwa ramani, wa kulipelekea baraza hilo?

Zungumzeni bila haraka, na mwandishi aandike na maoni ya wachache pia. Kwaherini.